Kwaya Iliyoniombea Mume Niliyekuwa Naye Tayari

Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya mwaka bila kumsimulia mtu, na hata sasa naanza huku masikio yananiwaka moto, kwa sababu si kila mwanamke anayeweza kukiri kwamba kwaya nzima ya kanisa lake, sauti zote nne, ilifunga na kuomba ili apate mume, na yeye mwenyewe akapiga magoti katikati yao akaitikia amina, wakati mume anaye, yuko Kigoma, ameshiba ugali wake na amelala. Mwanamke huyo ni mimi. Naitwa Felista, naishi ng'ambo, mji wa Louisville, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kabla hujanihukumu naomba unisikilize kwanza (halafu unihukumu, ni haki yako).

Mambo yalianza nilipokwenda nyumbani likizo, mwezi wa saba. Mimi na Gaudence, fundi mafriji, mwanamume mpole ambaye akikasirika ndiyo kwanza anapunguza sauti, tulikwenda bomani tukafunga ndoa. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya benki. Yeye alivaa shati lake la kazini alilolipiga pasi, mimi nilivaa kitenge, mashahidi wawili walisaini, tukatoka tukanywa soda. Tulifanya haraka kwa sababu ya cheti, maana bila cheti nisingeweza kuanza kumwombea viza ya kuja kuishi huku, na harusi yenyewe, ile ya kanisani yenye shela na sendofu na wajomba wa kudai mahari iliyobaki, tulikubaliana itafuata. Sasa kwetu, mtu wa bomani bado ni mchumba. Mama yangu mzazi, ambaye cheti kile kimo kabatini kwake, mpaka leo akimtaja Gaudence anasema "yule mchumba wa Felista."

Nikarudi Louisville. Siku ya kwanza baada ya mazoezi ya kwaya, mwenyekiti wetu Mama Kessy (mama wa Kichaga, mnene wa sauti na wa moyo, hakuna mtoto aliyezaliwa hapa asimpelekee mama yake mtori wa ndizi) akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia sijaolewa. Nilijibu vile kwa sababu niliogopa maswali, kwamba harusi ilikuwa lini, mbona hukutualika, kadi za mchango ziko wapi, na niliona aibu kusema nimeolewa kwa soda mbili. Mama Kessy akanishika mkono akasema basi tutakuombea, na mama yule akisema ataomba ujue ataomba. Jina langu likaingia kwenye orodha ya maombi ya Alhamisi, kati ya Mama fulani mwenye kisukari na kijana fulani anayetafuta kazi.

Mwezi Februari ukafika msimu wa kodi. Nilikuwa kwenye mapumziko kazini, nimekaa chumba cha wafanyakazi na sambusa mkononi, najaza fomu ya kodi kwenye simu. Ikaniuliza hali yangu ya ndoa. Nikafikiri kidogo, kidogo sana, nikaona kwamba harusi bado, mwanamume mwenyewe hana hata namba ya kodi ya huku, na kwaya nzima inajua sina mtu, nikabonyeza kwamba sijaolewa, nikamalizia sambusa yangu. Sikusita wala sikupepesa macho.

Mwaka uliofuata faili la Gaudence la viza lilifika mahali ambapo mimi natakiwa niapishwe kwamba nitamtunza akija, na kiapo kile kinaambatana na karatasi zangu za kodi. Ndipo nikampigia dada Rehema. Dada Rehema ni mtu wa Tanga, anakaa Hilliard, pale pembeni ya Columbus, ni mhasibu, na Watanzania wa majimbo matatu wakisikia neno kodi wanamkimbilia yeye. Nilimtumia karatasi za mwaka ule, akazisoma mara mbili.

Halafu akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, huyu mume unayemwombea viza ulimpata lini?"

Nikamwambia. Akanieleza kwamba serikali ya huku haiulizi keki ilikatwa na nani, inaangalia siku ya mwisho ya mwaka tu, tarehe thelathini na moja Desemba, ulikuwa na ndoa au hukuwa nayo, basi. Kwa hiyo ofisa wa ubalozi atafungua faili moja na kukuta Felista anayelia aletewe mume wake, na Felista huyohuyo anayeithibitishia serikali kwamba hana mume.  Kwa mara ya kwanza nilimwona akilini Gaudence akikataliwa dirishani ubalozini, na sababu ikiwa ni mimi na sambusa yangu.

Dada Rehema akasema linarekebishika, lakini liwahi. Karatasi ya mwaka uliopita tuisahihishe, ya mwaka huu tuijaze vizuri, na kwa vile Gaudence haishi huku nina njia mbili: nijaze peke yangu kama mke aliyeolewa, au tujaze pamoja, mume na mke karatasi moja, ila hapo Gaudence aombewe namba ya kodi, alete nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na Uhamiaji wenyewe, na asaini kwa kalamu kila mahali. Nikachagua pamoja. Kodi ingepungua, siwezi kudanganya, lakini zaidi ya hapo nilitaka jina lake likae pembeni ya langu mahali fulani katika nchi hii.

Sasa njooni tuone akili zangu. Badala ya kumwambia Gaudence atume bahasha kwa wale wasafirishaji wa kulipia, nikamwambia atafute msafiri. Ndivyo tulivyozoea, dagaa anakuja na msafiri, vitenge vinakuja na msafiri, kwa nini karatasi isije na msafiri? Akampata bibi mmoja Mkongomani aliyekuja Ujiji kumwona dada yake na alikuwa anarudi kwake Lackawanna, huko Buffalo. Bibi anaitwa Mama Byamungu. Gaudence akamkabidhi bahasha, akamwambia asimpe mtu yeyote isipokuwa mke wake Felista.

Bibi akafika salama. Binti yake, Espérance, akanipigia kwa furaha, tukapatana aitume kwa posta mpaka Hilliard. Kesho yake akanipigia tena, sauti imebadilika. Mama yake amegoma. Anataka kwanza ajue huyo Felista ni nani, kwa hiyo Espérance (kwa nia njema kabisa, namtetea) alikuwa ameandika kwenye lile kundi la simu la Waswahili wa kuanzia Louisville mpaka Buffalo, akiuliza ni nani anamfahamu Felista wa Louisville, mke wa Gaudence. Majibu yakaja haraka. Watu wakasema Felista tunamfahamu sana, ni binti mzuri, ila hana mume, na sisi kwenye kwaya tunamwombea kila Alhamisi.

Mama Byamungu aliposomewa majibu hayo akakata shauri kwamba mimi ni tapeli ninayetaka kuiba pasipoti ya baba wa watu. Akatoa amri: nije mwenyewe, Jumapili, kanisani kwao, mbele ya watu. Mwisho wa kupeleka karatasi za kodi ulikuwa siku tatu baada ya Jumapili hiyo.

Na hapo kuna kitu sijakuambia. Jumapili hiyohiyo kwaya yetu ilikuwa na ziara Buffalo, na mimi nilikuwa nimemwambia Mama Kessy kwa uso wa huzuni kwamba nina shifti, siwezi kwenda. Nikajifariji kwamba Buffalo ni kubwa na makanisa ya Waswahili ni mengi. Jumamosi nikaendesha mpaka Hilliard, nikalala kwa dada Rehema, alfajiri nikashika njia ya kaskazini. Mwezi wa nne ule, ukikaribia ziwa theluji inaanguka kama haijaambiwa kwamba baridi imekwisha. Niliendesha nimekumbatia usukani, naomba Mungu, naye nadhani alikuwa ananitazama tu.

Nilifungua mlango wa ukumbi wa kanisa la Lackawanna na kitu cha kwanza kunipiga kilikuwa alto ya Mama Kessy. Kwaya yetu yote ilikuwa imesimama mbele, sare ya zambarau, inaimba. Waliniona mmoja mmoja, na nikausikia wimbo unapungua, kwanza soprano, halafu besi, mpaka akabaki mpiga kinanda peke yake. Mama Kessy akatabasamu, maskini, akafikiri nimeomba ruhusa kazini nikawafuata. Akanipigia makofi. Ukumbi wote ukanipigia makofi.

Ibada ilipoisha na sahani za wali na sombe, yaani kisamvu chao, zikaanza kupita, Espérance akanileta kwa mama yake. Nilitarajia mtu wa kutisha, nikakuta bibi mdogo, mkavu, miguu haifiki chini alipokaa. Nikapiga goti, nikamwambia shikamoo. (Wao hawaitikii marahaba, akanishika kichwa tu.) Akaniangalia muda mrefu, kisha akawaita watu wasogee, wote, na kwaya. Nikamsihi tukaongelee pembeni. Akatikisa kichwa.

"Bon," akasema. "Ule mwanaume aliniambia asema, usimupe mutu mwengine, umupe tu muke wangu. Hapa banasema weye hauna bwana. Sasa nani anamujua huyu mwanamuke?"

Mama Kessy akasogea mbele kunisaidia, ndiyo balaa lenyewe. Akaweka mkono begani kwangu akasema kwa sauti ya kutoa ushuhuda kwamba yeye ananijua, mimi ni binti yake, sina doa, na sina mume, na kama kuna mwanamume anadai ni mume wangu basi ni tapeli wa mtandaoni na kanisa linilinde. Watu wakaitikia kwa huruma. Kuna mama nisiyemjua aliyenipa kitambaa.

Nikatoa kitambulisho, nacho kina jina la baba yangu, maana sisi hatubadilishi. Nikatoa picha za bomani kwenye simu, zikapita mkono kwa mkono juu ya sahani za wali, na nikawasikia wanaulizana watu wako wapi, shela iko wapi, huyu si fundi aliyekuja kutengeneza kitu? Nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi nikijaribu kuthibitisha kwamba nimeolewa, mbele ya watu niliowathibitishia kwa karibu miaka miwili kwamba sijaolewa. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nikamwambia bibi, kwa ukali nisiojua ulikotoka, kwamba hizo ni karatasi tu, za kodi, hazina thamani kwake, anipe niende. Hapo ndipo aliponishangaza mpaka leo. Hakukasirika. Akasimama, akageuka nyuma, Espérance akamsaidia kufungua kitenge cha juu, na cha ndani yake, na ndani kabisa tumboni kulikuwa na khanga imefungwa mafundo mawili, na ndani ya khanga nailoni, na ndani ya nailoni bahasha yangu, haina hata kunjo. Espérance akatuambia kwamba mama yake hakuitoa mwilini tangu Kigoma. Ndege tatu. Kule uwanjani walipomwambia kila kitu kiwekwe kwenye mkanda wa ukaguzi, alikataa, wakamwita mwanamke mwenzake, wakamkagua chumbani, na alikubali kuivua akiwa ameishika pembe moja. Nyumbani alilala nayo. Na bibi huyo hajui kusoma, hata jina langu lililoandikwa pale juu hakulijua.

"Miye nilikaa kambini myaka makumi mbili," akaniambia, bado ameikumbatia. "Minajua karatashi. Karatashi yako ikipotea, na weye unapotea. Banafuta jina, chakula inakatwa, batoto bako habaonekane tena. Donc usiniambie ni karatashi tu."

 Wengi pale walikuwa wametoka kambi za wakimbizi, na niliona wanaume wakubwa wameinamisha vichwa. Mimi niliyekuwa na karatasi zote, uraia, cheti, kila kitu, niliyebonyeza jibu bila kufikiri kisha nikafuta mdomo, nilimtazama bibi yule na nikahisi mdogo mno. Sijawahi kusimama mbele ya mtu nikamwogopa kwa heshima kiasi kile.

Bibi akasema basi mpigie huyo bwana. Kigoma ilikuwa saa mbili usiku, Gaudence akapokea mara moja, uso wake ukatokea na nyuma yake friji iliyofunguliwa milango. Bibi akamuuliza kama anamfahamu huyu. Akacheka, akasema huyo ni mke wangu, shikamoo bibi, asante kwa kunifikishia. Ningekuwa na akili ningekata simu pale. Lakini Mama Kessy alikuwa ameshainyakua, na yeye hana hila, akamsalimu vizuri, akamwita shemeji, akamwambia sisi ndio kwaya ya Felista, tusamehe, hatukujua, tumekuwa tukimwombea kila Alhamisi apate mume.

Tabasamu la Gaudence halikuondoka mara moja, lilibaki usoni kama mtu aliyesahau kulitoa. Akapunguza sauti.

"Felista. Kumbe huko sijulikani?"

Nilisema nilikuwa nasubiri harusi. Nilisikia maneno yangu yanatoka na nikajua ni ya ovyo. Nikasema tena, sasa kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba huyu ni Gaudence, ni mume wangu, tulifunga ndoa bomani, nikaona aibu kusema, nikawadanganya, na Alhamisi zote zile nilipiga magoti nikijua. Nililia, na si kile kilio kizuri cha kufutia pembe ya kitambaa, nililia kwa makamasi. Hakuna aliyecheka. Mama Kessy alirudi nyuma hatua moja akakaa kwenye kiti, na hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kibao.

Gaudence akasema, "Bibi, mpe bahasha. Mke wangu ni huyohuyo, hata kama alikuwa hajanitangaza." Kisha simu ikakatika, na sikujua ni yeye au ni mtandao.

Mama Byamungu akanipa. Aliiweka kwenye viganja vyangu viwili kwa viganja vyake viwili, akaifinya kidogo, akaachia. Nikamwomba radhi, akaniambia nile kwanza, njia ni ndefu.

Jioni hiyo Hilliard, dada Rehema aliifungua bahasha mezani. Kila kitu kilikuwamo, nakala yenye muhuri, fomu ya namba, tamko letu la kujaza pamoja, sahihi zote mahali pake. Na chini kabisa karatasi mbili za daftari ambazo nadhani Gaudence alizichanganya kwa bahati mbaya, zimejaa sahihi yake, mistari na mistari, ya kwanza imepinda, ya katikati imefutwa, za mwisho zinafanana na ile ya pasipoti kabisa. Fundi yule, ambaye mikono yake imezoea bisibisi, alikaa akafanya mazoezi ya kuandika jina lake ili asiniharibie. Dada Rehema alivua miwani akaondoka kwenda kuchemsha chai, na alikaa huko jikoni muda.

Karatasi zilitumwa kesho yake, ndani ya wakati, nami nikazipeleka posta mwenyewe. Gaudence hakunipigia siku tatu. Nilimwandikia ujumbe mrefu, akajibu kwamba ameuona. Alhamisi nilikwenda mazoezini, nikasimama mbele ya kwaya nikaomba msamaha kwa mara ya pili, na Mama Kessy akasema kwa ukavu kwamba maombi yale hayakupotea, yamehamishiwa kwenye viza, kisha akanipa noti za wimbo bila kunitazama. Ilichukua mwezi kabla hajaniletea chakula tena.

Siku ya nne Gaudence alipiga, kwa video. Hakugomba. Aliniuliza kama ninayo nakala ya ile karatasi tuliyojaza pamoja, nikamwambia ninayo mkobani, akaniomba nimsomee pale juu panapoandikwa majina. Nikamsomea jina langu, nikamsomea jina lake, nikamtafsiria kile kilichowekewa alama pembeni, kwamba ni wanandoa na wanajaza pamoja.

 Nikasikia friji ya mtu inaunguruma nyuma yake.

"Sasa nisomee kwa sauti," akasema, "kama vile watu wapo."

Nilikuwa kazini, ukumbini, wazee wamekaa na chai yao na wauguzi wanapita. Zamani ningetoka nje kwenye gari. Nilisimama palepale nikamsomea kwa Kiswahili, kwa sauti yangu ya soprano, jina langu na jina lake, na mzee mmoja akaniuliza kwa Kiingereza naongea na nani. Nikamgeuzia simu, nikamwambia ni mume wangu.